Kila Jina Isipokuwa Langu

Jumatano, 1 Oktoba

Hili sijamwambia mtu yeyote, wala mama: leo nimekula andazi la mtu mwingine. Andazi la mdalasini, na kahawa juu yake. Mwenyewe anaitwa Ragnar. Simjui. Pengine yuko mahali fulani humu Haparanda, mji wa Uswidi ambao mto wake ndio mpaka na Ufini, anajiuliza bahati yake imepotelea wapi.

Nieleze vizuri. (Namweleza nani? Daftari halina masikio. Lakini nieleze.) Kwenye duka la mikate karibu na daraja kuna ubao mdogo mweusi. Kila siku wanaandika jina la siku hiyo kutoka kwenye almanaka (nchi hii kila siku ya mwaka imepewa jina la mtu), na chini yake maana ya jina. Mwenye jina akijitokeza anapewa andazi na kahawa bure, na waliopo wanampongeza. Anayeandika maana ni Hillevi. Ana umri kama wangu, anasoma mji wa jirani, Kalix, akishuka kwenye basi anasimama nyuma ya kaunta mpaka jioni. Ana alama ya chaki shavuni, kila siku shavu lilelile. Tangu tuhamie huku kutoka Gävle, kusini, mwezi wa nane, nimepita mbele ya lile dirisha mpaka nadhani njia imechimbika. Leo nikaingia.

Ubaoni: RAGNAR, jeshi la miungu.

Hillevi akaniangalia, akauliza kama mimi ndiye Ragnar wao wa leo. Nilitaka kusema hapana. Hapana ni neno dogo, na mimi ninalo kwa lugha mbili, maana shuleni kwetu ng'ambo ya mto tunasomeshwa Kiswidi na Kifini pamoja. Nikalikosa kotekote. Kichwa kikaenda chini, kikarudi juu. Basi! Nimekuwa Ragnar. Wanawake wawili wa meza ya dirishani wakanipigia makofi.

Jina langu ni Liam. Darasani tuko watatu. Mwalimu akiita, vichwa vitatu vinageuka. Nchi imejaa akina Liam kama mbu wa Julai. Na bado kwenye almanaka hatuna siku hata moja! Waliogawa siku hawakutuona tukija. Ragnar, ambaye sijakutana na hata mmoja aliye chini ya miaka sitini, ana siku yake. Mimi sina.

Kesho nakwenda kumwambia ukweli. Nimeshaamua.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimefanya mazoezi bafuni mbele ya kioo. "Samahani, jana kulitokea kosa dogo." Mara ya kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kiume. Mama akagonga mlango, akauliza ninaongea na nani humo. Nikasema ni kazi ya shule, mazungumzo ya Kifini. Akasema basi huyo Mfini amalize haraka, kuna watu wanataka kuoga.

Ubaoni: LUDVIG, mpiganaji mwenye sifa.

Hillevi akanitania mara tu nilipofungua mlango. Ragnar wewe, leo huna chako, leo utanunua kama binadamu wengine. Nikafungua mdomo kutoa ukweli. Kilichotoka ni kwamba jina langu la pili ni Ludvig.

Sikupanga! Mdomo ulijiendea wenyewe. Na ubaya ni kwamba hakushangaa. Huku nani hana majina mawili matatu? Na kila jina lina siku yake. Akaniwekea andazi, akasema jeshi pamoja na mpiganaji, kumbe mimi ni mtu wa vita. Mimi! Juzi tu nilizunguka mtaa mzima kwa sababu shakwe alikuwa amekaa juu ya pipa la taka akinitazama vibaya.

Akaniambia kwamba jina ni kama chakula ulichofungashiwa na wazazi. Watu wengi wanakibeba maisha yao yote bila kufungua waone mna nini ndani. Nikasema ni kweli. Nikasema tena ni kweli. Ndiyo maneno yangu yote kwa leo, lakini niliyasema vizuri.

Kesho ni Evald. Hakuna kijana anayeitwa Evald. Kwa hiyo kesho natubu.

Ijumaa, 3 Oktoba

EVALD, mwenye kutawala kwa sheria. Hillevi akaniuliza kwa mzaha: hebu niambie, na Evald unalo? Alikuwa anacheka tayari. Nani angeweza kumnyima kicheko kile? Nikasema ndiyo, ni la babu.

Kumbe nyuma yangu alikuwa amekaa Evald mwenyewe.

Mzee mrefu, kofia ya manyoya, kidevu kama kisiki. Huwa anakuja kila siku na anakaa palepale, sema mimi macho yangu yalikuwa kwingine. Akainuka polepole. Akaniuliza kama amesikia sawasawa. Nikafikiri atanipiga. Akanikumbatia! Akasema tangu alipokuwa mvulana hajaona Evald mwingine mji huu, alishajua kwamba jina litazikwa pamoja naye, na tazama, kumbe kuna Evald mchanga mwenye afya, ingawa mwembamba. Akaniita wajina. Akatoa kitambaa, akapenga kamasi kwa mlio wa tarumbeta.

Hillevi akatuweka meza moja. Macho yake yalikuwa na maji. Sijawahi kumfurahisha mtu kiasi hicho, na sasa nimewafurahisha wawili kwa mpigo. Ajabu ni kwamba andazi halikuteremka vizuri.

Evald amesema kesho niende kwake kumsaidia kupasua kuni. Kazi ya Evald na Evald, alisema, huku akinibonyeza mkono kutafuta msuli. Hakuupata, akasema utakuja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku mbaya. Tena ilikuwa siku ya andazi la mdalasini nchi nzima, ambapo hata mwenye duka la viatu anakula andazi. Foleni ilitoka mlangoni mpaka barabarani. Ubaoni: FRANS, mtu huru. Nilikuwa nimejizuia. Leo sichukui jina, leo nanunua, nasimama, naonekana, naondoka. Mtu huru kweli.

Ndipo akatokea Sixten. Tunasoma naye darasa moja. Ana mabega kama mlango wa jokofu na anacheza magongo ya barafuni. Jina lake maana yake ni jiwe la ushindi, na hilo anamwambia kila anayekutana naye, hata dereva wa basi. Akapaza sauti kutoka mwisho wa foleni: "Liam, we! Nishikie nafasi!" Na Hillevi wakati huohuo kutoka kwenye kaunta: "Ragnar Ludvig Evald, karibu!"

Shingo moja, majina mawili. Nikageukia kaunta.

Hillevi akauliza yule anamwita nani. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba ananifananisha na Liam fulani. Nikaongeza kwamba akina Liam wako wengi. Akakubali. Akasema mji huu ukirusha tonge la theluji, lazima limpate Liam mmoja. Nikacheka. Nilijicheka mwenyewe mpaka mbavu zikauma, kisha nikatoka nje kupumua.

Sixten akanikamata ukosi pale kwenye baiskeli. "Haya, bwana Ragnar, tunaelewanaje?" Tumeelewana hivi: namwandikia insha zake za Kifini mpaka Krismasi, naye anafunga mdomo. Nikasema ni ghali. Akasema basi anaingia ndani sasa hivi kumsalimia dada wa kaunta. Nikasema si ghali.

Mchana kuni kwa Evald. Mti wa betula, mgumu kama kichwa chake. Alikaa juu ya gogo akitoa amri: panua miguu wajina, usilipapase shoka kama paka, liachie lianguke lenyewe! Nina malengelenge viganja vyote viwili, mwandiko huu ndio ushahidi. Alinipa supu ya nyama ya kongoni wa kaskazini, yule mwenye pembe kama makoleo, nikala mabakuli mawili. Wakati wa kuondoka akasema Jumamosi ijayo pia. Hakuuliza.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo ni siku ya Bror. Maana yake kaka. Sikwenda. Kuna mambo ambayo mtu hafanyi hata kwa andazi, na mojawapo ni kuwa kaka wa Hillevi.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku mbili hizi almanaka ilikuwa ya wanawake. Nilipumzika. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba huenda watu wote wawili watanisahau, kisha nikawaza kwamba huenda Hillevi atanisahau, nikainuka mara moja.

Leo NILS, ushindi wa watu. Jina zuri, la siku hizi, lenye umri wangu. Nikaingia kwa kujiamini, mdomo umeshaanza herufi ya kwanza. Meza ya kati: Sixten, na pembeni yake Nils. Nils wa kweli! Nils wa darasani kwetu, anayelala kwenye somo la hesabu. Sixten amemleta makusudi ili apate sababu ya kukaa pale na kujitanua. Wanagawana andazi.

Hillevi akaniona nimesimama hivyo na mdomo wazi. "Usiniambie na wewe ni Nils!" Duka zima likacheka. Evald ndiye aliyecheka zaidi, akasema mwacheni wajina wangu, babu zake walikuwa na wino mwingi.

Nikasema hapana, mimi si Nils, nimekuja kununua mkate. Nikanunua mkate mkavu wa shayiri nyeusi, ule ambao mama anasema ni wa farasi. Huo ndio ukweli wa kwanza niliowahi kumwambia Hillevi: mimi si Nils.

Jambo moja limenifariji. Sixten alimweleza Hillevi habari za jiwe la ushindi, akimwonyesha na mkono wake ulivyo. Hillevi akasema ni jiwe zuri, Majvor mwenye duka amekuwa akitafuta la kuzuilia mlango usifungwe na upepo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kuni tena. Theluji ya kwanza, nyepesi, haikukaa. Evald anasema sasa shoka linanitii. Ni kweli! Nilipasua gogo kubwa kwa pigo moja, nikatazama huku na huku kama kuna aliyeona. Alikuwepo yeye tu. Akavua kofia.

Kisha akaniambia kitu. Hana mtoto. Alisema kwamba jina refu au fupi si neno, lakini kulisikia likiitwa na kujua si wewe unayeitwa, hiyo ni raha ambayo hakuijua mpaka juzi. Akaniomba nijiite kwa sauti. Nikasimama uani, shoka mkononi, nikapiga kelele: "Evald!" Mbwa wa jirani akajibu. Mzee akafumba macho.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu ya kando ya mto. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumanne, 14 Oktoba

STELLAN, mtulivu. Nilikwenda bila mpango. (Kwa kweli nilikuwa na mpango, lakini mdogo.) Nikasema ndiyo, na Stellan pia. Hillevi hakucheka safari hii. Alijaza kahawa mpaka ikamwagika kwenye kisahani, akafuta, kisha akaegemea kaunta.

Akasema kesho ni siku yake. Jina lake maana yake ni vita juu ya vita, ndiyo sababu hana haja ya kugombana na mtu, jina linamfanyia. Duka likifungwa, Majvor atakata keki ya kijani, ile yenye waridi juu. Evald atakuwepo. Na mimi nije.

Nikauliza nilete nini. Akasema nisilete zawadi, nilete jina. Amechoka kuniita Ragnar Ludvig Evald Stellan kama anayetangaza vituo vya treni. Mtu ana majina mengi, sawa, lakini analoitwa ni moja. Nyumbani mama yangu, akitaka nishuke nile, anaita nani?

Mlango wazi kabisa! Upepo unapita! Alikuwa amenisogelea, ile chaki shavuni naiona punje kwa punje. Herufi nne tu, Liam, hata shakwe angeweza kuzitamka. Nikatazama juu ya kichwa chake, nikaona ubao, nikasoma.

"Stellan," nikasema.

Akasema haya, Stellan basi. Akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Sielewi kwa nini alionekana kama mtu aliyekosa basi. Stellan ni jina zuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Imekwisha.

Niandike kwa utaratibu. Nilimwambia mama nina masomo ya ziada ya Kifini. Nikavaa shati. Keki ilikuwepo, Hillevi alikuwa na gauni la bluu, Majvor aliimba, Evald aliimba kwa sauti ya chini kuliko sakafu. Ubaoni Hillevi alikuwa ameandika jina lake mwenyewe na chini yake: vita juu ya vita, ila leo mapumziko. Nilikuwa mtulivu. Nilikuwa Stellan mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mama anafanya kazi ya uuguzi ng'ambo ya mto, ambako saa iko mbele kuliko yetu, kwa hiyo kila siku anavuka daraja akiwa amechoka kabla ya sisi kuchoka. Akapita na baiskeli. Akaona taa. Akamwona mwanawe dirishani na kipande cha keki mdomoni.

Hakubisha hodi. "Liam! Ndiyo Kifini hicho unachosoma?"

Nilimeza waridi la sukari zima.

Mama akaangalia nyuso zote, akauliza amesema nini kibaya. Majvor akasema kwa upole kwamba hapa wanamfahamu kwa jina la Ragnar Ludvig Evald Stellan. Mama akasema mtoto wake anaitwa Liam, Liam peke yake, la pili hawakumpa kwa sababu siku ile baba yake na yeye hawakuelewana hata juu ya rangi ya blanketi.

Evald akauliza swali moja. Aliliuliza taratibu, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu. "Kwa hiyo wewe si Evald?"

Nikasema hapana. Neno dogo, sasa ndiyo linakuja!

Akachukua kofia yake. Keki hakuigusa. Mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba kuni zake zitapasuliwa na Evald au zitaoza zilipo. Akatoka. Mama akatoka pia, akasema nyumbani tutaongea. Aliniita kwa jina langu tena, bila sababu.

Majvor akaenda jikoni, nikabaki na Hillevi. Sikuweza kumtazama, nikamwambia meza kwamba naomba radhi. Akasema alijua. Tangu siku ya kwanza! Mfuko wangu wa shule una jina langu ubavuni, mama aliliandika kwa wino mweusi nikiwa darasa la nne, herufi kubwa kama za duka la nyama. Siku ya kwanza aliniuliza kwa nia njema, nilipoinamisha kichwa ndipo akauona mfuko. Akafikiri kijana ana haya, mpe muda, atalileta mwenyewe. Akangoja. Jana akanifungulia mlango kabisa.

Kisha akasema maana ya jina langu, kwa kukumbuka tu, bila kutazama popote. Liam: nia, na kofia ya chuma. Akasema mpaka sasa ameiona kofia tu.

Sijui kama alikuwa na hasira. Alinifungia kipande cha keki kwenye karatasi. Akasema nije Jumamosi, lakini nije Liam, peke yake, bila msafara. Na kabla ya hapo niende kwa mzee nikamwombe msamaha, kwa maneno, kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo ubaoni ni Finn. Nilipita, nikasoma kwa nje, sikuingia. Hongera kwangu! Mtu anaweza kubadilika.

Shuleni Sixten ameshasikia. Akasema mkataba wetu umekufa lakini insha ya Ijumaa nimwandikie tu, kwa urafiki. Nikamwandikia. Nimeweka makosa ya kutosha.

Kisha nikakaa na kufikiri sawasawa, kama mtu mzima. Hillevi anataka ukweli. Evald anataka Evald. Mimi kwenda kwa mzee na kusimama uani kwake bila chochote mkononi isipokuwa samahani, hiyo siwezi, nilifika mpaka kwenye lango lake leo mchana, nikaona moshi wa bomba lake, nikarudi. Hata mbwa wa jirani hakunibwekea. Lakini kuna njia inayowaridhisha wote wawili, nashangaa hawakuiona.

Nchi hii majina yanatunzwa na ofisi ya kodi. Kuongeza jina ni maombi tu, yanajazwa kwenye simu, hata kitandani. Nikipata Evald kwa sheria (na Evald maana yake ni mwenye kutawala kwa sheria!), basi nilikuwa Evald tangu mwanzo, makaratasi tu ndiyo yalichelewa. Sikudanganya. Niliwahi. Na kwa kuwa maombi ni yaleyale, nimeongeza Ragnar na Ludvig, maana andazi nililila. Stellan pia, kwa sababu nililisema mbele yake na sitaki aone nilikuwa nabahatisha. Liam limebaki mbele, kama alivyotaka. Jumamosi naingia dukani nikiwa mkweli kwa majina yote matano. Atashangaa!

Kikwazo ni kimoja. Mimi bado mtoto kisheria, mzazi ndiye anayetia sahihi, na sahihi ya mama iko kwenye simu yake. Leo ni zamu yetu ya chumba cha kuogea mvuke cha jengo zima, kule chini, na mama akiingia humo hatoki mpaka awe mwekundu. Simu ameiacha mezani. Ninayo hapa. Inaomba namba ya siri. Nimejaribu mwaka wake wa kuzaliwa, imekataa. Nimejaribu wangu, imekataa. Imesema nina nafasi moja. Mama ni mtu wa hisia, lazima itakuwa siku ya

Ngazi. Kandambili zilizolowa. Amewahi! Anaita Liam, anauliza kama nimeona simu yake. Ukurasa huu chini ya godoro, simu chini ya ukurasa, na mimi, akiuliza, nimelala tangu saa moja ili